Mjomba alinifunza bunduki, risasi ya kwanza ikaja Jumamosi ya tatu

Kama umekulia Dagoretti, bunduki unaijua kutoka upande wa mdomo. Umeiona imening'inia begani mwa polisi pale Corner, au umesikia mlio usiku upande wa Kawangware ukajiambia ni tairi la lori limepasuka, huku moyoni ukijua sivyo. Upande wa kitako hujawahi kuukaribia. Hata mimi, hadi mjomba wangu aliponipigia simu: "Jumamosi usipange kitu. Na usije na marafiki."

Mjomba ni mstaafu, miaka mingi alifunza makurutu kulenga shabaha. Anaishi Waithaka na anamiliki bunduki moja kwa cheti halali: Lee-Enfield Nambari 4, ile wazee wanaiita "Mark 4" au "thrii-o-thrii". Ni silaha ya Vita vya Pili vya Dunia. Ina uzito wa kilo nne na ushee, magazini yake inabeba risasi kumi, na kila ukipiga moja lazima uvute komeo kwa mkono ndipo upige nyingine. Baba yake mjomba alibeba ndugu yake hiyo bunduki akiwa King's African Rifles huko Burma, ambako Waafrika Mashariki walipigana na Wajapani mwaka wa 1944.

Historia hiyo unaipita kila siku bila kujua. Ukiabiri matatu ya Ngong unapita karibu na makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo kwenye Ngong Road. Ukiwa tao, kuna wale askari wa shaba pale Kenyatta Avenue, waliosimamishwa kukumbuka vita vya kwanza. Halafu tembea hadi Kimathi Street umtazame Dedan Kimathi, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alijifunza vita akiwa KAR huko Burma kabla ya kuingia msituni kupigana na Mwingereza yule yule aliyemfunza. Mjomba huicheka sana hadithi hiyo.

Lakini Jumamosi ya kwanza hatukuongea historia. Tulikaa mezani, bunduki imelala juu ya gazeti kuukuu, na hakukuwa na risasi hata moja ndani ya chumba. Aliniuliza, "Hii ina risasi?" Nikasema hapana, si umesema mwenyewe? Akanitazama kama mtu aliyeambiwa uongo. "Mimi nikisema, wewe umeangalia?" Ikabidi nivute komeo, nichungulie, kisha niingize kidole ndani, kwa sababu macho hudanganya kukiwa na giza. Nilirudia mara kama thelathini. Nikiiweka chini na kuiinua tena, naangalia upya. Akienda chooni akarudi, naangalia upya. Nilianza kuboeka, na nadhani alitaka niboeke.

Nyingine alinifunza akikata viazi: mdomo wa bunduki usielekee kitu ambacho huko tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatuo hadi uwe umelenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Hiyo ya mwisho niliipuuza hadi aliponieleza kwamba risasi ya 303 isipopata cha kuizuia husafiri zaidi ya kilomita mbili. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Dagoretti Corner, huyo ni mtoto wa mtu Kawangware.

Ndiyo maana mambo haya hayafanyiwi shambani kwa shosho. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mwenye bunduki awe na cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na cheti ni cha mtu mmoja. Si cha familia. Mimi kuwa mpwa wake hakunipi haki ya kuishika nje ya utaratibu. Kwa hivyo nilijiandikisha kwanza katika klabu ya shabaha iliyoidhinishwa, nikaacha nakala ya kitambulisho, na Jumamosi ya pili tukaenda uwanjani, upande wa Kiambu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa mstarini, bunduki tupu mkononi, nimevaa vile vikinga masikio vikubwa, najiona jamaa wa sinema. Mtu akaniita nyuma. Nikageuka. Nikageuka na bunduki yote. Mdomo wake ukapita kwenye kifua cha msimamizi wa uwanja, ukampita mjomba, ukasimama kwa mama mmoja aliyekuwa anamimina chai.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba alishika mtutu akauelekeza kwenye kilima, akaichukua, akaiangalia tena kama ni tupu, akaifungia kwenye sanduku. Akaenda kuomba msamaha kwa kila mmoja, mzee wa zaidi ya miaka sabini, kwa niaba yangu. Tukarudi nyumbani bila kupiga hata risasi moja. Garini alisema maneno machache tu: kuna kijana aliwahi kumfunza, naye aligeuka hivyo hivyo, ila yake haikuwa tupu. Sikuuliza zaidi. Tulifika Waithaka kimya.

Jumamosi ya tatu nililala kifudifudi kwenye mkeka. Kitako nikakibana begani, kwa sababu ukikiachia nafasi, kinakupiga ngumi. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabonyeza polepole.

Tik.

Hakuna kitu. Silika yako yote inakwambia inuka ufungue uone kuna nini. Mjomba alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwangu. "Usisogee. Hesabu." Risasi kuukuu wakati mwingine huchelewa kuwaka. Unaikaa hapo, mdomo ukielekea kilimani, sekunde thelathini nzima, ndipo unafungua. Sijawahi kuhesabu thelathini ndefu kama hiyo. Ilitoka bila kulipuka, ikatengwa kando.

Ya pili ililia. Mlio unausikia kifuani kabla ya masikioni, hata ukiwa umejikinga, na bila kinga unaweza kuharibu usikivu wako kwa mara moja tu. Katika kumi nilizopiga baadaye, nne ziligonga karatasi. Nilitaka kupiga selfi, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona aibu kuitoa simu mfukoni.

Nyumbani mjomba alichemsha maji. Nilidhani ni ya chai, kumbe baadhi ya risasi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huleta kutu hata ukipaka mafuta juu yake. Akamimina birika zima kwenye mtutu, maji yakatoka meusi, kisha akavuta kitambaa kwa kamba hadi kikatoka cheupe.

Akiwa anavuta aliniambia kwa nini aliniita. Macho yanamwacha. Akifa, bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Lazima ipelekwe kwa polisi, na anayeikuta chini ya kitanda akainyamazia anakuwa mhalifu. Mwaka wa 2016 serikali ilichoma bunduki haramu zaidi ya 5,000 pale Ngong, na anasema nyingine lazima zilitoka kwenye nyumba za watu kama sisi, ambako mzee alikufa na hakuna aliyejua la kufanya. Kwa hivyo, wewe ukikuta ya guka wako darini, usiiguse wala kuipiga picha. Funga mlango, watoe watoto, piga simu kituoni waje wenyewe.

Anataka kuirudisha yake kabla Desemba haijaisha, akiwa hai, kwa mkono wake. Ameniomba nimsindikize. Nikamuuliza nani ataibeba hadi kaunta.

"Mimi," akasema. "Wewe utashika cheti."