Kicheko cha trakta kisiwe kufuli



Trakta kuukuu haikosi jina. Hapa wanaiita Muzee, pale Mama Mukubwa. Masini kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ingali inalima katika nchi nyingi za Afrika, na kila moja iko na tabia yake. Shofere na wenzake wanazijua hizo tabia na wanazicheka. Ni vizuri: kicheko kinapunguza uchovu na kuunganisha kazi. Lakini kikibaki cha watu watatu tu, kinageuka kufuli.

Tuchukue mfano. Ni Novemba, mvua imeanza, Muzee anakataa kuwaka. Shofere anasema: «Muzee iko anakohoa, hajapewa kahawa yake!» Wenzake wanacheka. Mwanachama mpya naye anacheka, ingawa hakuelewa; anaogopa kuuliza asionekane mjinga. Siku shofere akiugua, huyo mpya atazungusha starta mpaka batri ife. Mbegu zinangoja, mvua haingoji.

«Kahawa» ilikuwa nini? Mazuti yaliisha kwenye tanki, hewa ikaingia katika mipira. Dawa yake si siri:

1. Jaza mazuti.
2. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio.
3. Piga pampu ya mkono mpaka mazuti yatoke bila mapovu.
4. Kaza skrubu, kisha washa.

Kuna mzaha mwingine wa hatari zaidi: «Muzee anapenda kushoto.» Trakta hizi ziko na pedali mbili za breki, moja ya kila gurudumu la nyuma. Shambani zinasaidia kukata kona. Barabarani lazima zifungwe pamoja, na zishike sawasawa. La sivyo trakta inavuta upande mmoja na inaweza kupinduka. Asiyejua maana ya mzaha huo anaweza kulipa kwa maisha yake.

Wazee wetu walijua mipaka ya mzaha. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, Wabemba na Wangoni walipigana zamani, leo ni watani. Utani uko na sheria: unayemtania naye anakutania, na kwenye msiba munasaidiana. Mzaha wa upande mmoja si utani, ni dharau. Hata hapa Lubumbashi, Groupe Mufwankolo walipata jina kubwa kwa sababu walichekesha kwa Kiswahili cha kila siku, ambacho mama wa sokoni na mutu wa kazi wote wanakielewa.

Basi, tufanye nini?

• Tuweke kaye moja karibu na trakta. Kila jina la mzaha liandikwe na maana yake: tatizo gani, linatengenezwa namna gani, nani alitengeneza, siku gani.
• Kabla ya mvua, shofere aonyeshe wanachama wawili wapya, mwanamke awe mmoja wao. Wafanye kwa mikono yao, wasiangalie tu.
• Kwenye mkutano tukubaliane: anayeuliza hachekwi. Tucheke pamoja naye baada ya jibu.

Haya si hisani ya shofere. Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, ya tarehe 15 Desemba 2010, inayotumika pia katika Kongo, inataja elimu, mafunzo na habari kati ya kanuni za ushirika, na inakataza ubaguzi wa jinsia, kabila, dini au siasa.

Shofere naye asiogope kupoteza heshima yake. Anayefundisha wengine anapata nafasi ya kuugua, ya kwenda kwenye matanga, ya kupumzika, na shamba bado linalimwa. Muzee ni wa ushirika mzima. Vichekesho vyake pia viwe vyetu sote.