Disraeli (1929): Buda wa Miaka 61 Aliyefunza Hollywood Kubonga

Kabla ya 1927 filamu nyingi zilikuwa bubu. Star anatoa macho, anarusha mikono, maneno unasoma kwa skrini huku msee wa piano akitwanga kando. Kisha Warner Bros. wakaachilia The Jazz Singer, mafans wakaskia sauti, na ghafla kuwa na sura poa hakukutosha. Kuna masuperstar walifungua mdomo na kazi ikaishia hapo.

Studio zikakimbilia thieta. Huko ndiko kulikuwa na watu wamezoea kushika mistari ya masaa mawili na kuskika hadi kiti cha mwisho. Mmoja wao alikuwa George Arliss, mzaliwa wa London, 1868. Mwembamba, uso umekauka, kioo kimoja kimebanwa kwa jicho. Si mtu ungeweka kwa posta leo. Lakini story ya Disraeli alikuwa ameiigiza jukwaani Marekani tangu 1911, akairudia kwa filamu bubu ya 1921. Kwa hivyo 1929 Warner walipotaka version ya kubonga, huyu mzae alikuwa na miaka mingi ya mazoezi tayari.

Na mazoezi yalihitajika. Sauti ya Vitaphone ilirekodiwa kwa sahani ya santuri, kila moja ikibeba kama dakika 11. Huwezi kukata neno moja urudishe lingine. Ukiteleza, mnaanza upya. Maiki nayo haipendi mtu wa kutangatanga, ndiyo maana filamu nyingi za wakati huo watu wamesimama tu kama wako kwa foleni ya Huduma Centre. Hata Disraeli iko hivyo, tusidanganyane. Ni watu ndani ya nyumba wakiongea. Anayeibeba ni Arliss.

Story yenyewe: Benjamin Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza, anataka hisa za Mfereji wa Suez kabla Warusi hawajazinyakua. Majasusi wako hadi kwa nyumba yake. Benki Kuu ya Uingereza inakataa kumpa doo, na tajiri aliyekubali kumsaidia anafilisika. Hapo Disraeli anamwita bosi wa benki na kumtishia: weka sahihi ama nivunje benki yako. Jamaa anatetemeka, anasaini. Akitoka tu, Disraeli anakiri kwamba hakuwa na nguvu kama hizo. Alimuuzia hewa! Arliss haongezi sauti ovyo kwa hiyo scene. Anaipandisha kidogo kidogo, na wewe pia unamwamini.

Ukweli wa 1875 ulikuwa mwepesi zaidi: Disraeli alikopa karibu pauni milioni 4 kwa familia ya Rothschild, akanunua hisa za Khedive Ismail wa Misri, aliyekuwa amezama kwa madeni. Filamu ikabadilisha jina la tajiri kuwa Myers. Cha kuchekesha, 1934 Arliss huyo huyo aliigiza kama Rothschild. Na Wamisri wenyewe? Hao filamu haina shughuli nao, ilhali 1882 Waingereza waliingia nchi yao na jeshi. Ukiicheki, kumbuka hilo. Mfereji huo si stori ya mbali pia: ni njia ya meli za Ulaya kuja Mombasa, na 2021 Ever Given iliuziba siku sita dunia nzima ikapiga kelele.

Novemba 1930 Arliss alichukua Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, Mwingereza wa kwanza kuibeba. Mke wake Florence yuko ndani ya filamu pia, akiigiza kama mke wa Disraeli. Na 1932, kwa The Man Who Played God, alimpa nafasi dem mmoja ambaye Hollywood ilikuwa karibu kumrudisha nyumbani. Jina lake Bette Davis.