Kabla hujapanda milima ya Taita na baiskeli, angalia breki

Kama umelelewa Ganjoni kama mimi, mlima unaoujua ni Daraja la Nyali. Ukilipanda na baiskeli bila kushuka, wajiona Chris Froome. Halafu kuna ule mteremko wa kuingia feri ya Likoni, ambao hata hupigi pedali. Waachia tu na kuomba Mungu mkokoteni usikukate mbele. Zaidi ya hapo, kisiwa chetu ni bapa kama chapati.

Mimi huzunguka Mama Ngina alfajiri, kabla wauza madafu na mihogo hawajapanga vitu vyao. Napita chini ya mibuyu, napiga picha, narudi nyumbani nimeloa jasho. Miaka miwili ya hivyo nikajiaminisha kwamba mimi ni mwendesha baiskeli. Milima ya Taita ikanirudisha darasani. Na darasani, kama wanisoma hapa mara kwa mara wajua, mimi niliondoka mwaka wa pili wa chuo, ada ilipokwama.

Nakusimulia yaliyonipata kwa sababu nimeona wengi wenu mtandaoni mkipanga safari kama yangu. Nendeni. Lakini nisomeni kwanza.

Barabara mbovu ndiyo raha yenyewe

Kuna mchezo wa baiskeli unaoitwa graveli. Ni kuendesha masafa marefu kwenye njia za changarawe na vumbi, mbali na lami. Baiskeli yake ina usukani uliopinda kama ile ya mbio za lami, ila tairi ni nene, gia za kupandia ni nyepesi, na breki ni za diski kama za pikipiki.

Kule Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, kuna shindano maarufu la Unbound lililoanza 2006, ambapo watu huendesha takriban kilomita 320 kwa siku moja. Mwaka 2022 shirikisho la dunia la baiskeli likaandaa ubingwa wa dunia wa graveli kwa mara ya kwanza, nchini Italia. Na sisi hatuko nyuma: tangu 2021 kumekuwa na Migration Gravel Race, siku nne za kukata nyika za Maasai Mara. Yaani ile barabara tunayomlalamikia MCA kila siku, kuna mtu hupanda ndege kuja kuiendesha.

Baiskeli mpya ya aina hiyo hupita laki moja kirahisi. Mimi sina laki. Nilikuwa na shilingi 14,000, nikanunua ya mtumba: fremu ya chuma, gia 21, tairi pana za meno, na breki za raba, zile zinazobana rimu kutoka pande mbili. Nikaiosha, nikapaka mnyororo mafuta, nikaipiga picha. Breki nikazibonyeza mara mbili. Zikashika. Nikaona niko sawa.

Kupanda

Baiskeli ilifungwa juu ya keria ya matatu hadi Voi, kisha nyingine hadi Mwatate. Hapo nikaanza kupanda kwenda Wundanyi. Ni kama kilomita 15 tu, lakini ndani yake wapanda zaidi ya mita 500, kona juu ya kona. Mtoto wa kisiwani hana pa kufanyia mazoezi ya kitu kama hicho. Kilomita ya tatu nilishuka nikasukuma. Ya tano nikasukuma tena. Wanafunzi waliokuwa wakitembea wakanipita, wakanisalimia kwa heshima, nikaumia zaidi.

Mlimani nilijifunza kwamba hasira haisaidii kitu. Weka gia nyepesi kabisa kabla mwinuko haujaanza, kaa chini kwenye siti, pumua, na pedali izunguke polepole. Ukisimama na kusukuma kwa nguvu kwenye changarawe, tairi la nyuma lateleza na unabaki pale pale. Ukikaa, uzito wako walikandamiza na lashika ardhi.

Kesho yake asubuhi nikaacha lami nikashika njia za vumbi kuelekea msitu wa Ngangao. Hapa acha nikwambie, Mombasa tunaonewa. Kuna baridi! Ukungu washuka hadi barabarani, huoni mita ishirini mbele. Matuta ya mahindi na kabeji yamepangwa kwenye miteremko ambayo mimi ningeogopa kusimama, na kabeji hizo nyingine huishia sokoni Kongowea, kwenye sahani yako na yangu.

Ngangao ni kipande kidogo, takriban hekta 120, mabaki ya msitu wa asili ulioanza kuisha zamani mashamba yalipopanuka. Ndani yake anaishi ndege mdogo aitwaye Taita apalis, ambaye huwezi kumpata popote pengine duniani isipokuwa kwenye milima hii. Vuria, kilele cha juu kuliko vyote Taita, kina mita 2,208. Sikuingia msituni na baiskeli. Nilipita njia ya pembeni, nikasimama, nikasikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye miti ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Ni ukungu unanaswa na majani. Nikakaa pale karibu saa nzima bila kutoa simu, na wanaonijua wataelewa hilo si jambo dogo.

Swali la mzee

Nilipogeuza kurudi, mzee mmoja aliyekuwa amebeba majani ya ng'ombe akasimama kunitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Watoka wapi?"

"Mombasa."

Akaangalia baiskeli, si mimi. "Breki zako zashika?"

"Zashika, mzee."

"Umeziangalia, ama wasema tu?"

Nikacheka. Nikamwambia nimeziangalia. Nilikuwa nasema tu.

Sasa nikueleze kilichokuwa kikitendeka bila mimi kujua. Ukungu ulikuwa umelowesha rimu. Ile changarawe laini ikapanda pamoja na maji, ikajibandika kwenye rimu kama msasa. Kila nikibana breki, raba ilikuwa inasagwa. Raba ambayo Ganjoni ingenifaa mwaka mzima, hapa yaweza kuisha kwa siku moja ya mteremko wenye tope. Zangu zilikuwa za mtumba. Hata sijui zilikuwa zimebaki milimita ngapi nilipoondoka nyumbani.

Mteremko wa kwanza, raha. Wa pili, breki zikaanza kupiga kelele. Wa tatu, kelele ikabadilika: chuma juu ya chuma. Nikabana kwa nguvu zote na baiskeli ikaendelea kuongeza kasi kana kwamba sijagusa kitu. Mbele kuna kona ya kushoto, na kulia hakuna kitu isipokuwa vilele vya miti iliyoota chini kabisa.

Sikufanya ujasiri wowote. Nilielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa ndani, nikajirusha. Nikabingirika hadi kwenye mtaro. Kiwiko kikachunika, suruali ikapasuka, usukani ukageuka nyuma. Mama wawili waliokuwa wakilima wakaja mbio. Mmoja akanisafisha jeraha kwa maji ya kunywa aliyokuja nayo shambani, akisema "pole mwanangu" kila nikiguna. Nilikuwa natetemeka, na haikuwa baridi.

Nilitembea hadi Wundanyi nikisukuma, na kutoka hapo nikashuka Mwatate kwa matatu, baiskeli juu.

Kushuka ndiko kunakoua

Sisi husifu kupanda. Picha zote ni za kileleni. Lakini mlimani kupanda hukuchosha tu. Kushuka ndiko kunakokuumiza. Na si sisi wanagenzi pekee. Suleiman Kangangi, tuliyemjua kama Sule, nahodha wa Team Amani na mtu aliyemaliza wa tatu Tour du Rwanda 2017, alianguka akiwa kwa kasi katika mashindano ya graveli ya Vermont Overland nchini Marekani, Agosti 27, 2022. Alifariki akiwa na miaka 33. Simlinganishi na uzembe wangu. Yeye alikuwa fundi wa kazi yake na mimi nilikuwa mjinga. Namtaja kwa sababu kama changarawe iliweza kumwangusha Sule, wewe na mimi hatuna cha kujidai.

Basi kabla hujatoka kisiwani:

• Toa tairi, tazama raba za breki kwa macho. Kama ile mistari iliyochongwa imefutika, badilisha. Beba jozi mbili za ziada. Hazizidi uzito wa pakiti ya biskuti.

• Kagua waya za breki. Hewa yetu ya chumvi huzila kutoka ndani.

• Ukishuka, usibane mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Punguza kasi kabla ya kona, si ndani yake. Peleka uzito nyuma, pedali zikiwa sambamba.

• Punguza presha ya tairi kidogo ukiingia changarawe, ili zishike. Beba pampu na tyubu.

• Vaa helmeti. Yangu ina ufa sasa. Ningependa ufa huo ubaki kwenye helmeti.

• Mtu wa pale akikuuliza swali kuhusu breki, shuka uangalie.

Nilipofika nyumbani, mamangu alikitazama kiwiko, hakuuliza kitu, akaniwekea chai. Nadhani tangu niache chuo amezoea kunipokea hivyo. Wiki iliyofuata nilikuwa na akiba ya simu mpya. Nimeitumia kwa rimu nzuri, raba mpya na waya mpya. Fundi wangu aliponirudishia zile raba kuukuu mkononi, zilikuwa nyembamba kama kucha.

Jirani yangu, barobaro wa miaka kumi na tisa, ataka twende pamoja mwezi ujao. Baiskeli yake ina breki ya nyuma peke yake, na aapa kwamba yamtosha. Nimemwonyesha raba zangu. Nimemwambia safari ipo, mimi nitamlipia nauli hadi Mwatate, lakini ya mbele ifungwe kwanza na niione mimi mwenyewe. Amenuna siku tatu.

Jana nimemwona kwa fundi.