Mutoto Anakohoa: Ni Nimonia ao ni Kifua Kikuu?

Mama, watoto wengi wanaletwa kwetu na neno moja tu: "Anakohoa." Neno hilo halitoshi. Mara nyingi ni mafua, yanapita. Lakini kuna magonjwa mawili ya mapafu ambayo unapashwa kuyatenganisha, sababu moja linakuja mbio na lingine polepole.

Nimonia inakuja kwa siku chache. Mahali pa hewa ndani ya mapafu panajaa maji na usaha, basi mutoto anapumua mbio mbio. Usisikilize kikohozi; inua shati, angalia kifua. Hata wanafunzi wetu wa uuguzi wanakosea hapo, wanakimbilia kutumia masikio. Mutoto akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 ao zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 11, ni 50. Wa mwaka 1 mpaka karibu 5, ni 40. Huna saa? Zoea kumuangalia akilala muzima, utajua siku pumzi yake inapobadilika. Kama chini ya mbavu kunaingia ndani kila akivuta hewa, ao anakataa kunyonya, ao midomo inakuwa buluu, usingoje asubuhi. Mubebe, njoo usiku ule ule. Kumuchanja mbavu ao kumukata kilimi hakutoi usaha katika mapafu. Kunaongeza kidonda na kupoteza saa ambazo mutoto hana.

Kifua kikuu hakikimbii hivi. Kikohozi kinapita majuma 2, hata kisha dawa ya nimonia. Homa inarudi rudi, mutoto hachezi, na kwenye karatasi ya kilo mustari unalala ao unashuka. Ndiyo sababu tunapima kila mwezi, si kwa kupenda mizani! Hapo nitakuuliza: nyumbani nani anakohoa? Mara nyingi mutoto ameambukizwa na mutu mukubwa wa nyumba ile ile, baba ao tate. Huyo naye aje, tupime makohozi yake. Usimufiche kwa haya. Chanjo ya BCG inakinga watoto wadogo na kifua kikuu kikali sana, lakini haizuii chote.

Dawa zake ni za miezi, si za siku. Kisha majuma machache mutoto atakula vizuri na kunenepa, na wengi wanaziacha hapo, kumbe vijidudu vingali ndani. Endelea kumupa mpaka munganga mwenyewe aseme basi, hata kama mutoto anakimbia uwanjani.