Habari za Chama cha Young Africans cha Jangwani

Katika nchi yetu ya Buha, toka Kasulu hata Kibondo, mwulize mtoto wa shule jina la mto upitao karibu na kwao, pengine atasita kidogo. Lakini mwulize kama yeye ni wa Yanga au wa Simba, atakujibu kabla hujamaliza kusema. Jambo hili ni la ajabu ukilifikiri. Toka Kigoma hata Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na wengi katika sisi hatujapata kuuona mtaa wa Jangwani kwa macho. Hata hivyo watu hununiana, na wengine hukosa usingizi, kwa sababu ya mpira uliochezwa huko. Basi leo twapenda kueleza habari za chama hiki kilicho kikongwe, kilivyoanza, kilivyovunjika na kuungwa tena, na jinsi mchezo wa jioni ulivyogeuka kuwa kazi ya mshahara.

Kwanza, jina hili lilifikaje huku milimani? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo vijana wengi wa Kiha walishuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Waliporudi makwao hawakuleta nguo na fedha tu. Walileta na habari za mijini, na kabumbu ni mojawapo. Halafu ikaja redio, nayo ikamaliza kazi. Mtu aliyeketi chini ya mgomba huko Muhinda au Kifura aliweza kusikia bao likifungwa Dar es Salaam saa ile ile lilipofungwa.

Chama cha Young Africans, yaani Waafrika Vijana, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Siku zile Wazungu walikuwa na vyama vyao vya michezo ambavyo Mwafrika hakuingia ila kwa kubeba sinia au kufagia. Kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa na maana: hiki ni chetu. Watu wa mjini hawakuuweza sana ule ulimi wa Kiingereza, wakalikata jina likawa Yanga, na hivi sasa hata wenye chama hulitumia bila haya.

Mwaka uliofuata, 1936, kilizaliwa chama cha pili. Wazee husimulia ya kuwa wenye chama hiki walikuwa pamoja na wenzao hapo kwanza, kisha wakatofautiana, wakatoka. Wakajiita Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, kwa kufuata jina la timu moja ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1879. Mwaka 1971 wakaliacha jina hilo la kigeni wakajiita Simba. Watu hawa walikaa mtaa wa Msimbazi na kuvaa nyekundu. Wale wa Jangwani walivaa kijani na njano. Basi yeyote anayedhani ya kuwa Yanga na Simba ni maadui wa asili na ajue kwamba ni ndugu waliogombea urithi, na ugomvi wa ndugu, kama tujuavyo sote, ndio usiokwisha.

Hapa yafaa tueleze neno chama, maana wanafunzi wengi hudhani timu ni wale wachezaji kumi na mmoja. Sivyo. Wachezaji huja na kwenda. Chama ni wanachama: watu waliolipa ada, wakapewa kadi, wakawa na haki ya kuingia mkutanoni na kumchagua kiongozi. Zamani mchezaji alikuwa na kazi yake nyingine, bandarini au karakana au ofisini, na jioni ndipo alipovaa viatu. Fedha za mlangoni zilikwenda kwa chama, si kwake. Yeye alipata nauli, chakula, na sifa. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana matata karibu yote ya Yanga yametoka katika swali moja: chama ni cha nani?

Ligi ya taifa zima ilianza mwaka 1965. Sunderland walichukua ubingwa miaka miwili ya kwanza, Cosmopolitans wakachukua mwaka 1967, kisha Yanga wakatwaa mara tano mfululizo, tangu 1968 hata 1972. Katika mwaka huo wa 1968, tarehe 1 Juni, waliwafunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Mwaka 1969 walifika robo fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, wakakutana na Asante Kotoko wa Ghana. Mechi ya kwanza bao 1 kwa 1. Mechi ya pili bao 1 kwa 1. Siku zile penalti za kuamua mshindi hazikuwa zimeanza kutumika, basi ikapigwa kura, na kura ikawaangukia Kotoko. Sisi twaona ya kuwa hapana namna mbaya zaidi ya kushindwa kuliko hiyo. Mtu aliyefungwa hujua alikosea wapi. Aliyeangushwa na kura amlaumu nani?

Lakini pigo kubwa halikutoka Ghana, lilitoka nyumbani. Mwaka 1975 Yanga waliwafunga Simba mabao 2 kwa 0 huko Unguja na kutwaa kikombe cha vyama vya Afrika Mashariki na Kati. Ungedhani furaha hiyo ingewaunganisha watu. Kumbe ndani ya chama moto ulikuwa ukiwaka chini ya majivu: viongozi, wazee na wachezaji hawakuelewana, kila upande ukidai kuwa ndio wenye chama. Mwaka 1976 wachezaji mashuhuri wakatoka, wakaunda chama kingine, Pan African. Miongoni mwa wachezaji wa zama hizo alikuwa Sunday Manara, ambaye baadaye alikwenda kucheza kwa malipo Uholanzi katika timu ya Heracles; naye ni mmoja wa Watanzania wa kwanza kabisa kuuza mchezo wao Ulaya.

Matokeo yake hayakuchelewa. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliwafunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Watu wa Msimbazi husimulia siku hiyo kana kwamba wachezaji wao walikuwa majabari. Walikuwa hodari, hatukatai. Lakini aliyepiga ukuta uliokwisha kubomolewa na mwenyewe asijisifu mno. Simba wakashika ubingwa miaka mitano mfululizo, tangu 1976 hata 1980. Yanga waliupata tena mwaka 1981, na mwaka 1982 ukaenda kwa hao hao Pan African waliotoka tumboni mwao. Hata hivyo Pan African, pamoja na wachezaji wake wazuri, hawakuweza kuwachukua watu. Watu walibaki Jangwani. Hapo ndipo tunapopata jibu moja la lile swali letu: wachezaji wanaweza kuhama kwa siku moja, lakini wapenzi hawahamishiki.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Yanga walirudi na kikombe cha Afrika Mashariki na Kati kutoka Kampala mwaka 1993, na tena kutoka Kampala mwaka 1999. Kisha wakakitwaa nyumbani Dar es Salaam mwaka 2011 na 2012. Mwaka 1998 walikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kuingia hatua ya makundi ya mabingwa wa Afrika, wakashika mkia katika kundi lao. Kuingia peke yake kulikuwa heshima.

Sasa tuje kwenye fedha. Mchezo ulipokuwa wa mshahara, kadi na ada hazikutosha tena. Chama kikawa kinamtegemea tajiri mmoja au mwingine. Tangu 2012 hata 2017 mwenyekiti wa Yanga alikuwa mfanyabiashara Yusuf Manji. Alipoondoka mwaka 2017, mfuko ulionekana mtupu. Kocha Mwinyi Zahera, mwenyeji wa Kongo, alisimama hadharani kuwaomba wapenzi wachange, na wapenzi wakachanga. Wale wa Msimbazi walicheka, wakasema Yanga wanatembeza bakuli. Sisi hatuoni cha kucheka. Mlima aliyetuma shilingi elfu moja aliyoipata kwa kuuza maharage alifanya kama walivyofanya watu wa 1935, waliokiweka chama hicho juu ya miguu yake kwa michango.

Katika miaka hiyo ya dhiki Simba, ambao wanachama wao walikubali mwaka 2017 kumkaribisha mwenye mtaji, walitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Mwisho wa msimu wa nne, tarehe 25 Julai 2021, fainali ya kombe la shirikisho ililetwa Kigoma, katika uwanja wa Lake Tanganyika. Hapo ndipo watu wa Kasulu, walio karibu kilometa 100 tu, na wale wa Kibondo wa mbali zaidi, walipopata kuwaona kwa macho watu waliowajua kwa masikio. Yanga walimpoteza Mukoko Tonombe kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wakajilinda kwa muda mrefu, na kipindi cha pili Taddeo Lwanga, Mganda, akawafungia Simba bao moja lililoamua. Njia ya kurudi milimani ilikuwa ndefu kwa wenye nguo za kijani.

Mwaka huo huo wanachama wa Yanga nao walikubali katiba mpya ya kumruhusu mwenye mtaji kuingia, na mwaka 2022 wakamchagua Mhandisi Hersi Said kuwa rais wa chama. Ubingwa ukarudi Jangwani, na hata mwisho wa msimu wa 2024/25 jumla ilikuwa imefika mara 31.

Mwaka 2023 walifika fainali ya kombe la shirikisho la Afrika, nao wakakosa kombe kwa hesabu ambayo wengi mpaka leo hawaielewi. Tuifanye pamoja. Tarehe 28 Mei, Dar es Salaam, USM Alger wa Algeria walishinda mabao 2 kwa 1. Bao la Yanga lilifungwa na Fiston Mayele. Tarehe 3 Juni, huko Algiers, Yanga walishinda bao 1 kwa 0, kwa penalti ya Djuma Shabani. Wote wawili ni wenyeji wa Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu. Jumlisha: Yanga 2, USM Alger 2. Sawasawa. Lakini sheria ya mashindano yale ilisema, mabao yakiwa sawa, yatazamwe yaliyofungwa ugenini. Yanga walifunga ugenini moja, wenzao mawili. Basi kombe likabaki Algiers, ingawa Yanga ndio walioshinda siku hiyo.

Na huku kwetu mambo yamegeuka kidogo. Mwaka 2023 timu ya Mashujaa ya Kigoma ilipanda kuingia ligi kuu, na katika msimu uliofuata Yanga wakalazimika kushuka Kigoma kucheza kama wageni. Mwezi wa Aprili 2024 Mashujaa waliwatoa Simba kwa penalti katika uwanja ule ule wa ziwani, na tuliwasikia wapenzi wa Yanga wa Kasulu wakishangilia kwa nguvu, wakisema timu ya nyumbani imeshinda. Yanga wenyewe wanapokuja, tumeona wengi wao wakiketi kimya mno, shati la kijani likiwa limefichwa ndani ya koti.