Waliosoma Sheria Wafunguliwe Mlango wa Kazi

Kila mwaka vyuo vyetu huwatoa vijana waliohitimu masomo ya sheria, na kila mwaka baadhi yao hurejea majumbani, Unguja na Pemba, wakiwa na shahada mkononi na wasijue mlango wa kubisha. Wakati huo huo mkulima wa Micheweni anayegombania mpaka wa shamba, mjane anayedai fungu lake la mirathi, na mvuvi aliyetia saini mkataba asioufahamu, hawana mtu wa kuwasemea. Wanasheria wasio na kazi na wananchi wasio na mwanasheria ni mambo mawili yasiyopaswa kukaa pamoja katika nchi moja. Yakikaa pamoja, hapana budi tuulize ni kipi kilichopungua baina yao, na nani mwenye wajibu wa kukileta.

Ni vyema kwanza tukumbuke tulikotoka. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na ndicho kilichokuwa kitivo cha kwanza cha chuo hicho. Vijana wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma hapo. Katika miaka ile serikali changa zilihitaji mahakimu, waendesha mashtaka na waandishi wa sheria, na waliosoma walikuwa wachache mno. Mhitimu hakuhangaika kutafuta kazi, bali kazi ndiyo iliyomtafuta yeye.

Hapa Visiwani mambo yalichukua sura nyingine. Kwa amri ya mwaka 1969 ziliundwa Mahakama za Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama kumtetea mshitakiwa. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1985, kufuatia Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Kwa muda wa miaka kama kumi na mitano, basi, uwakili haukuwa kazi ambayo kijana wa hapa angeweza kuitegemea. Si ajabu kwamba tulichelewa kupata mawakili wakongwe wa kuwashika mkono wadogo zao. Kazi hii haifunzwi kwa vitabu peke yake. Hurithishwa ofisini, na mrithishaji akikosekana, mrithi hutaabika.

Siku hizi, zaidi ya hayo, shahada pekee haimfanyi mtu kuwa wakili. Tanzania Bara ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kuanzisha taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, nayo ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliishtua nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu zake. Wako waliowalaumu wanafunzi, na wako waliowalaumu walimu. Sisi tunaona kwamba takwimu hizo zilidhihirisha jambo moja lisilo na ubishi, nalo ni upana wa pengo lililopo kati ya darasa la chuo na meza ya kazi.

Kijana wa Zanzibar ana hesabu moja zaidi ya kuipiga. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Jaji Mkuu wake na orodha yake ya mawakili. Pande mbili za Muungano hukutana katika Mahakama ya Rufani. Anayeandikishwa uwakili upande mmoja hawi kwa hilo tu wakili wa upande wa pili. Kwa hiyo mwanafunzi anapaswa kuelezwa mapema, akiwa bado chuoni, njia ipi inaelekea wapi na gharama zake ni zipi, asije akagundua baada ya kumaliza kwamba amepanda chombo kisichokwenda bandari anayoitaka.

Baada ya hayo yote kijana huingia sokoni, na hapo hukutana na tangazo linalodai uzoefu wa miaka mitatu. Ataupata wapi uzoefu, ikiwa hakuna anayempokea asiye nao? Akipata ofisi ya kumpokea, mara nyingine hufanyizwa kazi miezi na miezi pasipo hata nauli ya daladala. Anayeweza kustahamili hali hiyo ni mtoto wa mwenye uwezo. Mtoto wa mchukuzi wa karafuu hukata tamaa, akaenda kuuza duka. Hapo hasara si yake peke yake, kwani fedha za umma na jasho la wazazi vilivyomsomesha navyo hupotea.

Tunawaomba viongozi wetu wayatazame mambo matatu. Kwanza, Zanzibar imekuwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu mwaka 2018. Wahitimu wapangiwe kwa mwaka mmoja katika wilaya, Pemba ikitangulizwa, wawahudumie wasio na uwezo chini ya uangalizi wa mwanasheria mzoefu, na wapewe posho ya kuwawezesha kuishi. Mwaka huo uhesabiwe kuwa uzoefu. Pili, nafasi za kazi serikalini na katika mashirika ya umma zitangazwe kwa uwazi, Chake Chake kama Mjini, na usaili uwe wa haki, kwani pale panapoingia kujuana, elimu huwa haina thamani. Tatu, mawakili wakongwe, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wachukue kijana mmoja na kumfunza kwa moyo safi, bila ya kumfanya mchukuzi wa mafaili.

Nao vijana wana sehemu yao. Wengi wao hulitazama joho na jukwaa la mahakama tu, ilhali kazi ya sheria ni pana kuliko hapo. Mashamba ya eka tatu waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 yamepita mikononi mwa watoto na wajukuu, na migogoro yake inahitaji watu wanaojua ardhi na mirathi. Ziko mali za wakfu, iko mikataba ya mahoteli na vijiji, ziko shughuli za bandari na ushirika. Aidha, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania Bara. Mwanasheria awezaye kuandika hukumu, mkataba au muswada kwa Kiswahili fasaha ana bidhaa inayohitajika, na watu wa visiwa hivi hawana udhuru wa kushindwa katika hilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayekubali kuanzia Wete au Mkoani atajifunza kwa mwaka mmoja asichojifunza kwa miaka mitatu ya kungoja Mjini.

Wazee wetu walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Vijana hawa wameshaitafuta elimu. Wenye mamlaka ndio wenye uwezo wa kuifungulia njia ya amali, na mwananchi asiye na wa kumsemea mahakamani ndiye anayeingojea.