Wimbo Mmoja Una Kilo Ngapi?

Novemba 2011, kampuni ya Apple ilipofungua huduma ya iTunes Match kule Marekani, walioishia mlangoni ni wale wale wenye mapenzi makubwa na muziki. Kwa dola 24.99 kwa mwaka, mteja aliruhusiwa kuweka nyimbo 25,000 kwenye hifadhi ya wingu, mbali na zile alizonunua kwa Apple wenyewe. Mwenye nyimbo 25,001 hakuambiwa kwamba huo mmoja utabaki nje. Alikataliwa yeye na maktaba yake yote. Watu wakawa wanaigawa mikusanyo yao vipande viwili ili wapate kuingia, na manung'uniko hayakupoa hadi Desemba 2015, kikomo kilipopandishwa kikafika nyimbo 100,000.

Kwa nini wahesabu nyimbo, wasihesabu gigabaiti? Kwa sababu mteja anazijua nyimbo zake, gigabaiti hazijui. Shida ni kwamba wimbo si kipimo. Ni sawa na kuuza embe moja moja, dodo na sindano bei ile ile.

Tupige hesabu. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, tena kwa spika mbili, ya kushoto na ya kulia. Wimbo wa dakika 4 hapo unafika megabaiti 42. Ukibanwa kwa mfumo wa AAC wa kilobiti 256 kwa sekunde, unashuka hadi megabaiti 7.7 hivi. Kubana huko hakupunguzi tu, kunachagua: sauti ndogo inayolia pamoja na kubwa sikio haliipati, kama mnong'ono kando ya ngoma, basi programu inaitupa na msikilizaji hajui kilichopotea.

Sasa chukua taarabu asilia. Fidla zinaanza, akodiani inajibu, na mwimbaji bado amekaa kwenye kiti. Wimbo wa dakika 12 kwa mfumo ule ule unakula megabaiti 23. Mwaka 2011 Amazon nao walitoa gigabaiti 5 za bure za hifadhi ya wingu. Hapo zingeenea nyimbo za dakika 4 zipatazo 650, au taarabu 217. Mwaka uliofuata hesabu ya muziki ikageuzwa kuwa nyimbo 250 za bure. Mpenzi wa nyimbo fupi za redioni akapoteza zaidi ya nusu ya nafasi yake. Wa taarabu, kwa hesabu tu, angeongezewa nyimbo 33! Ni mara chache urefu wa taarabu kumpa mtu faida. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 3 au kupita kidogo, na wimbo uliozidi hapo ilibidi ukatwe au ugeuziwe upande wa pili.

Turudi kwenye wingu, ambalo kwa kweli ni majumba yaliyojaa diski. Nyimbo 25,000 za megabaiti 7.7 ni gigabaiti 192 hivi. Diski huharibika, kwa hiyo wenye majumba hayo huweka nakala zaidi ya moja. Mfumo wa faili ambao Google waliueleza mwaka 2003 uliweka nakala tatu za kila kipande. Mteja mmoja, basi, angehitaji karibu gigabaiti 576. Kwa dola 25 kwa mwaka, hiyo si biashara.

Ujanja uliowaokoa Apple ni kulinganisha. Programu husikiliza wimbo wako, ikachukua alama zake kama polisi anavyochukua alama za vidole, kisha ikazitafuta alama hizo kwenye ghala la kampuni. Zikipatikana, hupakii kitu. Unaonyeshwa nakala yao, moja kwa mamilioni ya watu. Ujanja huu unataka leseni za kampuni za muziki. Kampuni ya MP3.com walinakili makumi ya maelfu ya CD kwenye seva zao bila leseni, na mwaka 2000 mahakama ya New York ikaamua kwamba walivunja hakimiliki.

Kwa hiyo wimbo unaojulikana dunia nzima haukuongezi uzito wowote humo ghalani, na bado unahesabiwa mmoja. Kanda ya harusi ya shangazi yako, uliyoihamisha kwenye kompyuta usiku kucha, haimo katika ghala la mtu yeyote. Hiyo lazima ipakiwe baiti kwa baiti, nayo inahesabiwa mmoja. Na kama uliirekodi mfululizo ikapita saa mbili, au faili likazidi megabaiti 200, iTunes Match haiipokei kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye dhuluma, kuliko kwenye ile 25,000: kinachokataliwa ni kile ambacho hakina nakala nyingine duniani.

Kikomo kinaweza kupanda, na huduma yenyewe inaweza kufungwa. Google Play Music, iliyofika kupokea nyimbo 50,000 bila malipo, ilizimwa mwishoni mwa 2020, na wateja wakaambiwa wahamie YouTube Music. Diski ya nje ya terabaiti 1, inayoingia mfukoni, hubeba karibu nyimbo 130,000 za megabaiti 7.7. Kanda za shangazi ziweke kwenye diski mbili, na moja ikae nyumba nyingine.